Raia kwa Hisani ya Mfalme

Mdogo wangu alinipigia simu asubuhi moja nikiwa kazini, kwenye chumba cha kushonea tunachokodi wanawake wanne pale Doornfontein, akaniambia yuko Johannesburg. Hakusema tangu lini. Alisema wamefikia nyumba moja kubwa Midrand, kwamba amekuja kumsindikiza mke wa mtu mkubwa wa kwao, na baibui la huyo mke wa mtu mkubwa limechanika kwenye urembo wa kifuani. Akaniuliza kama bado nashona. Tulikuwa hatujasemezana miaka mingi, na neno la kwanza likawa hilo.

Nikamwambia bado nashona.

Nasema mdogo wangu kwa sababu kwetu Tanga mtoto wa mama mdogo ni mdogo wako, hatuna jina jingine la kumwita. Mama yake na mama yangu walitoka tumbo moja na walilala kitanda kimoja mpaka yule mdogo alipoolewa na kupelekwa Uarabuni. Mumewe alizaliwa Tanga vilevile, lakini babu yake alikuwa ametoka upande ule, na mafuta yalipoanza kuijenga nchi ile walihitaji watu wa kujaza polisi na shule. Akaenda, akataja kabila la babu yake, akapewa uraia. Mkewe hakuwa na babu wa kumtaja. Wakamtafutia. Mzee mmoja wa jangwani, wa kabila la baba mdogo, alikubali kuandikwa kuwa ndiye baba yake mzazi, na marehemu mke wa mzee huyo akaandikwa kuwa ndiye mama. Wakati ule mambo hayo yalimalizwa kwa vikombe viwili vya kahawa, na hakuna aliyeona ajabu.

Mimi nilikwenda kwao nikiwa msichana, baada ya kumaliza shule na kukosa la kufanya. Mama mdogo alimwambia mama anitume, nitakaa kama mwanawe. Viza ilipokuja ilikuwa ya mtumishi wa ndani. Baba mdogo akaeleza kwamba hiyo ndiyo njia rahisi, ni karatasi tu. Nilipotua, afisa wa uwanja wa ndege aliichukua pasipoti yangu akamkabidhi baba mdogo, naye akaitia kwenye kasha la chuma pamoja na ya mpishi wa Kihabeshi na ya dereva wa Kihindi. Sikuiona tena mpaka nilipoondoka.

Karatasi zina tabia ya kutaka kutimizwa. Mwezi wa kwanza nilikuwa mtoto wa nyumbani anayesaidia kazi. Mwezi wa tatu nilikuwa nalala chumba cha nyuma ya jiko pamoja na Mhabeshi, na wageni wakija mimi ndiye nazungusha kahawa. Mama mdogo hakuwahi kunitukana. Usiku aliniletea maziwa ya moto na kuniuliza habari za mtaa wetu, nani kaolewa, nani kafa. Lakini hayo yote tuliyasemea jikoni. Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni. Akivuka mlango wa sebule alikuwa mtu mwingine, hata mwendo wake ulibadilika.

Nyumba ile ilikuwa zawadi ya mfalme. Kiwanja kilikuwa zawadi ya mfalme, na umeme, na maji, na shule, na matibabu, hata mahari ya vijana waliooa raia wenzao. Sikumsikia mtu akisema serikali imejenga au imelipa. Walisema, "Ametupa." Picha yake ilikuwa sebuleni, ilikuwa kwa muuza samaki, ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha nyuma cha gari. Mafuta yenyewe sikuwahi kuyaona, wala sikukutana na mtu pale aliyewahi kuyaona. Yalikuwa yakitoka mahali fulani jangwani yanaingia kwenye mkono wa mtu mmoja, na kutoka kwenye mkono ule yanakuja kwetu yakiwa yameshageuka kuwa huruma.

Na kila mtu alikuwa na daraja lake. Juu ukoo unaotawala, kisha makabila yaliyokuwepo tangu siku za umaskini, kisha watu kama baba mdogo ambao uraia wao ulikuja baadaye, kisha wale waliozaliwa palepale lakini hawana karatasi yoyote, kisha sisi. Baba mdogo alilijua daraja lake vizuri mno. Alijua aketi wapi kwenye arusi na amwamkie nani kwanza. Kila wiki mmoja wa ndugu za mfalme alifungua baraza nyumbani kwake, na wanaume wakapanga foleni kumbusu bega na kumweleza shida zao. Baba mdogo alikwenda hata asipokuwa na shida, ili asisahauliwe.

Mdogo wangu alikuwa bado mtoto. Nilimsuka nywele, nilimwogesha, nilimfundisha nyimbo za kurukia kamba tulizokuwa tukiimba Tanga, naye akaziimba shuleni akachapwa. Alikuja kunilalamikia mimi, hakwenda kwa mama yake.

Mwaka wangu wa pili bibi mzaa mama alifariki. Kaka yangu alipiga simu mchana, nikaipokea mimi, nikamwambia mama mdogo palepale jikoni. Alikaa juu ya gunia la mchele. Jioni ile walikuwa wanakuja wake za wakubwa, mialiko ilishatoka, na angewaambia nini? Kwa mujibu wa serikali mama yake alikuwa mwanamke wa jangwani aliyekufa kabla hata barabara haijatiwa lami. Aliukunja upindo wa kanga yake akautia mdomoni na akalia hivyo, mwili wote ukitikisika na sauti haitoki. Mhabeshi akafunga mlango. Baada ya muda mama mdogo akanawa uso, akapaka wanja, akatoka kupokea wageni. Mimi nikazungusha kahawa. Mgeni mmoja akamwuliza mbona macho mekundu, akajibu kwamba mafua yamemshika.

Hakukuwa na matanga, wala khitma. Hata siku ya tatu ilipita kimya.

Mwaka uleule mfalme mzee alikufa. Maduka yalifungwa, televisheni ikasoma Kurani mchana na usiku, na mama mdogo alikaa mbele ya televisheni akilia kwa sauti mpaka akapoteza sauti. Majirani walimsifu kwa mapenzi yake. Mimi nilidhani namjua aliyekuwa akililiwa. Siku hizi sina hakika, maana hata mfalme mama mdogo alimpenda kweli.

Niliondoka nilipopata mchumba, kijana wa Tanga aliyekuwa akiuza vifaa vya simu mjini Johannesburg. Tumekaa La Rochelle tangu wakati huo, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Mreno mmoja mzee, na binti yetu amezaliwa hapahapa. Mwanzoni nilimpigia mama mdogo kila sikukuu. Baadaye namba ikawa haipatikani, nikaelewa kwamba wamebadilisha na hawakuona haja ya kunipa mpya.

Basi nikaenda Midrand. Mume wangu alinipeleka kwa gari la rafiki yake. Tuliandikisha majina kwenye geti la mtaa, kisha kwenye geti la nyumba yenyewe tukamkuta mlinzi Mkongo wa Lubumbashi, ambaye aliposikia tunavyozungumza akatuchangamkia kwa Kiswahili chake na kutueleza habari yote bila kuulizwa: kwamba Waarabu wamekodi nyumba tatu zinazopakana, wanaume wamekwenda kuwinda huko kaskazini, wanawake wamebaki, na magari yao yanawashwa asubuhi na hayazimwi mpaka jioni, watu wawemo wasiwemo. Mume wangu aliambiwa asubiri nje. Akasema atakuwa mwisho wa barabara, karibu na robot, taa za kuongozea magari.

Mdogo wangu alinipokea kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia. Alikuwa mwanamke mzima sasa, mnene kidogo, ananukia udi. Alinikumbatia kwa nguvu na kulia begani kwangu, na kwa kitambo kile nilisahau kila kitu. Kisha, akiwa bado amenishika, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Dada, humu ndani sisi si ndugu. Nakuomba."

Nikamwuliza mimi ni nani, basi.

"Nifuate tu. Nitasema mimi."

Mwenye baibui walimwita Shekha. Alikuwa wa ukoo unaotawala, mwanamke wa makamo mwenye sauti laini, amekaa kwenye kochi na miguu kwenye mto. Sitaki kumsingizia, alikuwa mpole. Nilimwamkia kwa Kiarabu cha kwao, akafurahi, akataka kujua nimejifunzia wapi lahaja ile. Kabla sijafungua mdomo mdogo wangu akajibu:

"Alikuwa mtumishi wa mama yangu. Ndiye aliyenilea."

Kwa karatasi hakusema uongo. Hata viza yangu ingemtolea ushahidi.

Shekha akanitazama kwa huruma na kuniuliza kama walinitendea wema. Nikamwambia walinitendea kama mtoto wao. Mdogo wangu alikuwa akimimina kahawa na hakuinua macho. Nikapewa baibui, na kwa kuwa hakuna aliyenionyesha kiti nikakaa chini kwenye zulia, nikatoa sindano na uzi wangu, nikaanza kurudishia shanga.

Waliendelea kuzungumza juu ya kichwa changu. Ndipo nikasikia habari ambayo sikuwa nayo. Shekha alisema kwamba huko kwao imeundwa kamati, inapitia mafaili ya uraia moja moja tangu zamani, na yanafumuka mambo ya aibu. Watu wametoka Uajemi, wametoka Afrika, wamejinunulia mababu. Alilisema neno hilo, kujinunulia mababu, kisha akacheka kidogo. Mfalme, alisema, amechoka kuibiwa, na sasa anaisafisha nyumba yake.

"Mungu amzidishie umri," mdogo wangu akasema.

"Amin," akajibu Shekha, na mimi pia nikasema amin, kwa sababu mtumishi angesema.

Nilipomaliza, Shekha alilikagua baibui, akaridhika, akanipa kasha la udi na mtandio wake mmoja aliokuwa ameuvaa. Akamwambia mdogo wangu, "Huyu mtu wako ana adabu. Ungemrudisha kwenu. Watu kama hawa hawapatikani siku hizi." Mdogo wangu akacheka kwa heshima na kusema ataona.

Alinisindikiza hadi bustanini. Pale, mbali na madirisha, Kiswahili kikamrudia. Akaniambia baba mdogo alishafariki. Akaniambia mama mdogo yu mzima ila magoti yanamsumbua. Nikamwuliza kama mama yake anajua kwamba tumeonana, akasema hapana, na ni afadhali asijue. Akanieleza kwa haraka hofu yake: faili la mama likianguka, la baba litaanguka kwa udanganyifu, na lake litafuata. Watoto wake ni wa baba yao, mtu wa kabila la zamani, wao hawaguswi. Lakini yeye mwenyewe atabaki hana nchi, na ukoo wa mumewe haukupata kuambiwa kwamba wamemwoa binti wa mwanamke wa Tanga.

Alingoja niseme nimemwelewa. Nikamwambia urembo wa baibui lile usifuliwe kwa mashine.

Mume wangu aliponisikiliza garini alisema eish. Mtandio nikampa mwenzangu Mkongo tunayeshona naye, akauvalia kanisani. Udi sikuuchoma. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naamka na maneno yale yale, alikuwa mtumishi wa mama yangu, na nilikuwa nayajibu peke yangu nikiosha vyombo, kila siku jibu jipya, hata binti yangu akaanza kuniuliza kwa Kiingereza ninasema na nani.

Kisha amri ilitoka. Kule hakuna kesi. Mfalme anatia saini, majina yanatangazwa gazetini, basi. Mdogo wangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, na aliporudi kazini baada ya mapumziko ya wiki mlinzi alimwambia kwamba kadi yake haifungui lango. Alidhani kadi imeharibika. Akiwa bado amesimama juani, shemeji yake akampigia simu kumwambia jina lake limo, na la mama yake limo, na la marehemu baba yake limo pia, aliyekuwa kaburini akiwa raia na sasa si raia tena.

Alinipigia jioni ya siku hiyo. Alisema benki imezuia fedha zao. Alisema nyumba ya mama, ile zawadi ya mfalme, inatakiwa irudishwe. Alisema kuna mtu wa wizara anawashauri wachukue pasipoti za nchi fulani maskini ya visiwani ambayo ufalme umepatana nayo, nchi ambayo hawajaikanyaga na haitawaruhusu kuhamia, ili tu waandikwe kuwa wageni wa mahali fulani. Mama yake amekataa. Mama yake amesema ana kwao.

"Dada," akasema, "wewe ni ndugu yangu. Wanataka mtu wa damu aape kwamba sisi ni wa Tanga. Mama mkubwa amefariki. Kaka zako hawakuwahi kuniona. Umebaki wewe."

Nilikaa kimya, na yeye akafikiri simu imekatika. Akawa anaita, dada, dada, unanisikia. Nilikuwa namsikia vizuri sana. Hakulitaja neno la Midrand, wala mimi sikulitaja, na mpaka leo hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja.

Nikaapa. Nilikwenda kwa wakili mmoja mjini na kisha Pretoria kwenye ubalozi wetu, nikaacha kazi siku hizo na mume wangu akalalamika, kwa haki. Niliapa kwamba bibi yangu, nikataja jina lake na la baba yake na mtaa alikozikwa, alizaa mabinti wawili. Kwamba mkubwa alinizaa mimi na mdogo alimzaa huyu. Kwamba niliishi nao nyumba moja na kuyaona kwa macho yangu. Ofisa aliyepokea karatasi, mama wa makamo mwenye lafudhi ya bara, aliuliza watu hawa walikuwa wapi siku zote. Nikamjibu walikuwa Waarabu. Akatikisa kichwa akagonga muhuri.

Miezi michache ikapita, na mfalme akageuka. Huko Ulaya magazeti yalikuwa yamepiga kelele kidogo, na kelele zile zilimuudhi kuliko vilio vya watu wake. Ikatangazwa kwamba kwa ukarimu wake wanawake walioolewa na raia wa asili wanaweza kurudishiwa, kama fadhila na si kama haki, mradi wasiwe wameomba uraia wa nchi nyingine yoyote. Wajane wa watu waliofutwa hawakutajwa.

Simu ya pili ya mdogo wangu haikuwa na kilio. Alizungumza kama mwalimu mkuu. Alinieleza kwamba ombi lao la Tanzania linaweza kumharibia, kwa hiyo niende Pretoria nikakiondoe kile kiapo.

"Useme ulikosea," akasema. "Useme mama alikuwa tajiri wako tu, ukaapa kwa kutuonea huruma."

Nikamwuliza mama mdogo itakuwaje kwake. Akasema mama atakaa kwake kwa kibali cha ukaazi, kama mgeni wa mkwewe. Nikamwuliza mama mwenyewe anasemaje. Akasema mama ni mzee na hana haja ya kusumbuliwa na mambo haya.

Nikamwambia sitafanya lolote kabla sijazungumza na mama mdogo. Akanipa namba, nadhani kwa kujua kwamba ningeipata kwa njia nyingine.

Sauti ya mama mdogo ilikuwa imepungua. Nilimwamkia shikamoo na akaitika marahaba mwanangu, pale sebuleni kwake, kwa sauti ya kawaida, na nikatambua kwamba ndiyo mara ya kwanza namsikia akisema Kiswahili nje ya jiko. Alisema sebule imeshaondolewa vyombo. Nilimweleza yote: kiapo nilichokula, ombi la mwanawe, na hatari ya kila upande. Nilimwambia asiogope kuniambia nikiondoe, nitamwelewa, mtoto ni mtoto.

Akaniuliza swali moja.

"Jina la mama limo humo ndani?"

Nikamwambia limo. Limo jina lake kamili, na la baba yake, na mahali alipozikwa.

"Basi kiache," akasema.

Nikampigia mdogo wangu na kumwambia kiapo kinabaki. Nilimwambia hayo ni maneno ya mama yake. Hakuamini, au hakutaka kuamini. Akaniambia kwamba nimewaonea wivu tangu siku niliyoshuka kwenye ndege yao, kwamba nimengoja maisha yangu yote nione wanashuka kuwa kama mimi. Nilikuwa na majibu mengi, nilikuwa nimeyaandaa kwa miezi nikiosha vyombo. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekuogesha." Akakata simu.

Na kumbe hofu ile yote ilikuwa ya bure. Hakuna mtu aliyeuliza Pretoria kitu. Mjomba wa mumewe alikwenda kwenye baraza la mmoja wa wakubwa, akambusu bega, akanong'ona, na baada ya siku chache jina la mdogo wangu likarudishwa. Sikuambiwa na yeye. Niliona kwenye simu ya mwenzetu mmoja wa Zanzibar ambaye anawafuatilia watu wa huko: mdogo wangu amesimama mbele ya shule yake, wanafunzi wameshika bendera, na chini yake maneno ya kumshukuru baba wa taifa kwa moyo wake mkubwa. Nilipojaribu kumwandikia pongezi nikakuta ameshanifungia. Sijui kama zingekuwa pongezi za kweli.

Mama mdogo hakurudishiwa, na mwanawe hakumwombea. Labda aliogopa kuomba mara mbili. Karatasi za Tanzania zilichukua muda, zikaja, na yule mwanamke aliyeondoka na kanga zake mbili akarudi na masanduku mawili. Anakaa kwa kaka yangu, Tanga, chumba cha uani. Mwaka jana nilikwenda kumwona. Mtaani wanamwita Mwarabu. Kiswahili chake ni kile alichoondoka nacho, kimejaa maneno ambayo nilimsikia nayo bibi na ambayo vijana wa kaka yangu hawayajui, wanamcheka, naye anacheka nao bila kujua anachekwa nini. Joto linamtesa. Kila umeme unapokatika anauliza nani amekosea.

Nilimpeleka kwa bibi. Majani yalikuwa yameota, tukayang'oa pamoja, yeye ameketi kwa sababu ya magoti. Alisoma alichosoma. Nilitegemea kwamba angelia. Alichoniambia, tukiwa bado tumekaa palepale, ni kwamba mfalme hakuambiwa habari yake vizuri. Wale waliomzunguka ndio wabaya. Yeye angejua kuna mama mmoja mzee aliyemlilia baba yake mpaka sauti ikakauka, asingeruhusu.

Nilitaka kumwambia kwamba aliyetia saini ni yeye. Nilitaka kumwambia mengi kuhusu mtu anayegawa kitu ambacho hakukitengeneza na kisha kukinyang'anya kama chake. Nikaendelea kung'oa majani.

Juzijuzi alinipigia kwa video nikiwa La Rochelle, ndiyo kwanza nimetoka kazini. Huko kwao, aliposema kwao alikusudia kule, ilikuwa sikukuu ya taifa, na hakuna mtu nyumbani kwa kaka anayeweza kumtafutia matangazo. Binti yangu, ambaye anaelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza, akamtafutia na kumtumia, akamwongoza kwa subira abonyeze wapi. Matangazo yalipofunguka kwenye simu yake, kaka yangu akashika ya kwake ili niendelee kumwona. Wimbo wa taifa ulipopigwa mama mdogo aliomba ashikwe mkono, akasimama, na magoti yake yale, akabaki wima mpaka ulipokwisha. Kisha gari la wazi likapita, na mfalme ndani yake akipunga mkono, mwanamume wa kawaida mwenye miwani ya jua.

Mama mdogo akausogeza uso karibu na kioo.

"Amezeeka," akasema. "Mtazame. Amezeeka sana."

Nikamwambia ndiyo, amezeeka.